Kabla Hujakisugua: Mhadhara kuhusu Vitu Vikongwe vya Madini Vinavyookotwa Pemba

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma na mashine zenu za kusakia vyuma. Sogeeni mbele, viti vipo. Nyinyi hasa ndio niliowajia.

Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, skulini na hata barazani, na nitalisema tena kwa sababu bado halijashika. Ukifukua kitu cha madini usichokijua, mnakimbilia kuuliza "nini hiki?" na pumzi ya pili "kinauzwa kiasi gani?" Mimi nataka uulize kwanza kimelala wapi. Na ulize wakati kingali kimelala, si baada ya wiki mbili kikiwa kimeshapita mikono ya mtaa mzima na kusuguliwa kwa ndimu na majivu.

Chukueni hiki kilicholetwa kwangu na kijana wa upande wa kaskazini. Kitu kizito, kirefu, sentimita 20 hivi, kimenenepa chini na kuchongoka kidogo juu. Kwenye kichwa chake pana tundu linalopita upande wa pili. Chini, kwenye kitako, pana shimo la mviringo lisilo refu, kidole cha gumba kinaingia mpaka kiungo cha kwanza. Kijijini kwao kila mtu alikuwa na lake. Mmoja kasema ni jiwe la mizani la wanunuzi wa karafuu wa zamani. Mwingine kasema bomu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeharibu mambo, kasema ndani muna dhahabu, imefunikwa makusudi isijulikane. Basi ikaletwa tupa. Kimepigwa tupa upande mmoja mpaka kikang'aa, na pale penye tupa palikuwa na alama zilizogongwa, pengine nambari ya uzito. Nilichokiona mimi ni ncha ya alama moja tu. Zilizobaki zimekwenda na tupa.

Tukakaa mezani na yule kijana. Sumaku haikushika, kwa hiyo si chuma cha kawaida. Kutu ya kijani haipo hata chembe, kwa hiyo shaba nayo tukaitoa. Juu yake mlikuwa na ukungu wa kijivu kwenda kwenye weupe, na pale penye tupa mng'aro wa siku ile ulikuwa umeshaanza kufifia. Ukucha ukiukandamiza sana unaacha alama. Tukachukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Hewani kilo 3.2. Tukakizamisha kwenye ndoo ya maji kikiwa kimefungwa kwa uzi, hakigusi ndoo chini wala ubavuni: kilo 2.92. Kimepungua gramu 280. Gawa uzito wa hewani kwa kilichopungua, unapata 11 na kidogo. Chuma kinatoa karibu 8, shaba karibu 9, fedha 10 na nusu, dhahabu safi inapita 19. Hii ni risasi, yale madini yenyewe, si risasi ya bunduki. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza, na ingefanywa siku ya kwanza tupa isingetoka nyumbani.

Haya, risasi ya kazi gani? Nikampeleka kijana na kitu chake kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi. Hakuuliza neno. Akakigeuza juu chini, akatia kidole kwenye shimo la kitako, akasema, "Bildi hii, mwanangu," yaani uzito wa kupimia kina cha bahari, unaoshushwa kwa kamba. Kisha akamwonyesha lile tundu la juu: upande mmoja limelika, limekuwa laini, kwa sababu kamba ilikuwa ikipita hapo miaka na miaka. Na lile shimo la chini lilikuwa likijazwa shahamu, mafuta ya mnyama. Bildi ikifika chini ya bahari, shahamu inanata na kilichopo, mchanga, tope, au vipande vya makombe. Nahodha anaivuta, anahesabu pima kwenye kamba, anatazama kilichonata, anajua yuko juu ya nini hata usiku wa kiza. Kama haikunata kitu, chini ni mwamba, na nanga haitashika vizuri.

Tazameni kazi iliyofanywa na kitu hicho. Watu na mali zao walikuwa wakiingia mikondo ya kisiwa hiki kwa kutegemea risasi ya kilo tatu na konzi ya shahamu.

Sasa njooni kwenye uchungu wangu. Mzee akamuuliza kijana, "Umeiokotea wapi?" Akajibu, "Pwani." Pwani ipi? Siku ile alipita fukwe tatu na mashine yake. Ilikuwa kina gani? Hakumbuki. Kando yake palikuwa na nini? Palikuwa na misumari misumari, akaitupa kwa sababu ilikuwa na kutu. Misumari! Bildi peke yake inaweza kuwa imekatika kamba kwenye jabali, ikaachwa, chombo kikaenda zake salama. Bildi pamoja na misumari ya chombo ni habari nyingine kabisa, huenda ni chombo kilichovunjika pale pale, na hakuna aliyekiandika popote. Tungejua lipi kati ya hayo mawili kama angepiga picha moja na kuchoma alama moja kwenye ramani ya simu. Simu alikuwa nayo mfukoni.

Kuna atakayesema, mzee unakuza mambo, kipande cha risasi kisigeuzwe kuwa hadithi ya taifa. Nendeni Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta pale fungu la sarafu, zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa huku kwetu, miongoni mwao Ali bin al-Hasan, lakini hazina mwaka. Za dhahabu zilitoka nje na mwaka zinao, na ya mwisho wake ni ya 1066. Kwa kuwa zote zilikutwa pamoja, dhahabu ikazitolea fedha ushahidi wa umri. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Fungu la Mtambwe likamrudisha nyuma zaidi ya karne nzima. Angelifukua mtu wa mashine, akauza dhahabu mjini na fedha akagawia watoto, historia ya pwani hii yote ingebaki na kosa lile.

Au mtazameni Maurie Isenberg, askari wa Australia. Mwaka 1944 aliokota sarafu tisa kisiwani Marchinbar, kaskazini ya nchi yao. Akaziweka, hazijui. Zilipopelekwa kwa wanaojua, mwaka 1979, tano zikaonekana ni za Kilwa. Shaba ya Kilwa, Australia! Na yeye alitoa na ramani aliyotia alama ya mahali. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaweza kwenda pale pale kutafuta. Askari aliye vitani aliweza, nyinyi mnashindwaje?

Najua na jingine mnalolisema mkitoka hapa: ukitaja mahali, serikali inakuja inachukua bure. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale Zanzibar ni ya tangu 1927, si jambo la jana, na magofu yaliyohifadhiwa hayachimbwi bila ruhusa, uwe na mashine au jembe. Pujini, Ras Mkumbuu, Mtambwe kwenyewe, msiguse. Lakini anayewachukulia bure hasa ni yule mnunuzi wa gari jeupe anayewaambia rupia moja ya Mjerumani inauzwa mamilioni, mtangulize pesa ya usafiri. Huyo mnampa bila ya kumuuliza jina!

Na kusugua. Ndimu, ukwaju, siki, brashi ya waya, mchanga, acheni. Ile kutu ya kijani juu ya sarafu ndiyo iliyoshika maandishi, ukiitoa kwa ndimu maandishi yanaondoka nayo. Chuma kilichotoka baharini msikianike juani. Chumvi imeingia ndani, kikikauka kinapasuka vipande. Kiwekeni kwenye maji kisha kipelekeni Makumbusho, pale ngomeni Chake Chake. Picha pigeni na rula kando, maana picha bila kipimo hata simu yenye programu ya kutambua vitu itawaambia msumari ni mkuki.

Muda naona unanikimbia. Nilitaka nizungumze na reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha, maana kila mwezi ananijia mtu nayo. Kwa ufupi, ina mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa jana, mwaka ule haukubadilishwa. Pesa za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani, za 1299 Hijria, nazo ni nyingi, msiache kazi kwa ajili yake.

Hili moja silirukii. Kitu cha chuma cha mviringo au chenye umbo la risasi kubwa ya bunduki, hasa kwa nyinyi mnaofika Unguja mjini na bandarini, msikigonge wala kukibeba. Mji ule ulipigwa mizinga 27 Agosti 1896, na Pegasus, manowari ya Waingereza, ilizamishwa pale na Königsberg, manowari ya Wajerumani, 20 Septemba 1914. Baruti ya zamani haitabiriki. Wekeni alama, ondokeni, waiteni polisi.

Haya, waliokuja na vitu vyao wapange mstari hapa kushoto. Usinionyeshe kitu kwanza. Nieleze kijiji, shamba au ufukwe, kina chake, na ulichokiona kando yake, nami nitaandika. Kisha tutakifunua.