Kiti cha Rubio: Warusi na Wamarekani walivyobebana angani

SHOMARI: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi Shomari, na mwenzangu ni yule yule, dada Zuhura, ambaye leo kaingia studio na daftari limejaa.

ZUHURA: Limejaa kwa sababu yako. Wiki iliyopita si ulisema kwamba kule kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Mrusi na Mmarekani wanaelewana kwa sababu wanaanga ni watu waungwana?

SHOMARI: Nilisema, na sijarudi nyuma.

ZUHURA: Basi leo nakubishia. Uungwana upo, sikatai. Lakini kituo chenyewe kimejengwa kwa namna ambayo hata mkinuniana, hamna budi kushikana. Nikupe kisa kimoja halafu uniambie.

SHOMARI: Lete.

ZUHURA: Desemba 2022, usiku wa kuamkia tarehe 15. Warusi wawili, Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin, wameshavaa suti zao, wanajiandaa kutoka nje kufanya kazi. Mara kamera zinaonyesha kitu kinafoka kwenye Soyuz yao, chombo kilichowaleta. Chembe chembe nyeupe zinamwagika gizani, saa zinakwenda, hazikomi.

SHOMARI: Kulanti hiyo, kile kimiminika cha kupoza chombo.

ZUHURA: Kulanti. Rejeta ya nje imetoboka, tundu la milimita 0.8 tu. Warusi walisema kimondo kidogo kiliipiga.

SHOMARI: Kwa daladala hapo unajaza maji kwenye dumu, unakwenda mdogo mdogo mpaka gereji.

ZUHURA: Gereji iko chini kilomita 400, na wewe unakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Sasa sikiliza: Soyuz ile ndiyo usafiri wa kurudi nyumbani wa watu watatu, hao Warusi wawili na Mmarekani mmoja, Frank Rubio, daktari ambaye pia alikuwa rubani wa helikopta jeshini. Bila kulanti, wakijifungia mle watatu na kuanza kushuka, joto la miili yao na la mitambo halina pa kwenda. Kishakuwa kikaango kile.

SHOMARI: Na kutoka nje kukaahirishwa.

ZUHURA: Papo hapo. Lazima kwanza mtu aitazame ile rejeta. Nani anaitazama? Anna Kikina. Huyu ni Mrusi, lakini alifika kituoni Oktoba kwa Dragon, chombo cha Marekani, Mrusi wa kwanza kukipanda. Akakamata mkono wa roboti uliotengenezwa Ulaya, akausogeza taratibu na kamera yake mpaka kwenye chombo cha Urusi, ambacho kilimleta Mmarekani. Siku chache baadaye ukaletwa pia mkono wa roboti wa Kanada, nao ukapiga picha.

SHOMARI: Ngoja ngoja. Mrusi aliyekuja na Wamarekani, kwa mkono wa Wazungu wa Ulaya, anakagua gari la Warusi lililombeba Mmarekani.

ZUHURA: Na hapo vita vya Ukraine vina miezi kumi.

SHOMARI: Aisee.

ZUHURA: Sehemu ninayoipenda ni ya kiti. Soyuz hukai hivi hivi. Kabla ya safari, kiwandani kwao karibu na Moscow, mwanaanga analazwa kwenye jasi laini, likiganda linabaki na umbo la mgongo wake. Ndiyo inachongwa kalibu ya kiti chake, kila mtu na yake, maana ikitua inagonga ardhi kwa kishindo. Kiti cha mwenzako kinaweza kukuvunja mgongo. Januari 2023 wakakitoa kile cha Rubio kwenye Soyuz, wakakihamishia ndani ya Dragon.

SHOMARI: Dragon ina viti vinne.

ZUHURA: Vyote vina wenyewe: Nicole Mann na Josh Cassada wa Marekani, Koichi Wakata wa Japani, na Kikina. Rubio wakamfungia kiti chake sehemu ya mizigo. Likitokea la kutokea, anarudi amelazwa pale wanapopakia mizigo.

SHOMARI: Hapo nina swali, na najua wasikilizaji wanalo. Mmarekani kaondolewa na Wamarekani wenzake, Warusi wawili wameachwa kwenye kikaango. Huo ndio ushirikiano?

ZUHURA: Nilijua utasema hivyo! Kumtoa Rubio kuliwasaidia wao pia. Mtu mmoja akipungua mle ndani, joto na unyevunyevu vinapungua, na wale wawili wanapata nafasi nzuri zaidi ya kufika salama. Hesabu zilipigwa Houston na Moscow kwa pamoja. Halafu tarehe 24 Februari 2023 Urusi ikarusha Soyuz nyingine, tupu, haina mtu, kwenda kuwachukua wote watatu.

SHOMARI: Tarehe 24 Februari? Siku ile ile vita vilipotimiza mwaka?

ZUHURA: Siku ile ile. Duniani hotuba za kulaaniana, Baikonur, kule Kazakhstan Warusi wanakorushia vyombo, wanarusha chombo cha kumfuata Mmarekani. Kiti cha Rubio kikarudishwa kwa Warusi, ile Soyuz mbovu ikashushwa tupu mwezi Machi, ikatua salama.

SHOMARI: Lakini Rubio hakurudi Machi.

ZUHURA: Wapi! Wale waliokuwa waje na Soyuz mpya wakasogezwa mbele, kwa hiyo zamu ya akina Rubio ikaongezwa. Mtu kaondoka Septemba 2022 anajua anakwenda miezi sita, karudi Septemba 2023. Siku 371, safari moja ndefu kuliko zote za Mmarekani. Alipoulizwa kabla ya kurudi, akasema waziwazi kwamba angeambiwa mapema ni mwaka mzima, angekataa, kwa ajili ya familia. Nilimpenda kwa hilo, hakujifanya shujaa.

SHOMARI: Na ile nyanya?

ZUHURA: Jamani, nyanya! Walikuwa wanalima vinyanya vidogo mle kituoni kwa utafiti. Rubio akavuna chake, kikampotea, kikaelea kusikojulikana. Wenzake wakamtania miezi mingi kwamba kakila. Kimeonekana yeye ameshashuka duniani, kimekauka. Desemba 2023 wenzake wakamsafisha jina kwenye matangazo ya moja kwa moja.

SHOMARI: Sasa unaona? Utani huo ndio uungwana ninaousema mimi.

ZUHURA: Utani hauzuii kituo kuanguka, Shomari. Tazama kilivyojengwa. Kipande cha kwanza kabisa, Zarya, kilirushwa Novemba 1998. Kimetengenezwa Urusi, kimelipiwa na Marekani. Toka hapo imeendelea hivyo hivyo. Umeme mwingi unatoka kwenye mabawa ya sola ya Wamarekani, na upande wa Urusi unavuta humo. Kukiweka kituo kitazame kunakotakiwa, kuna magurudumu makubwa manne yanayozunguka, ya Wamarekani. Yakizidiwa, zinawashwa injini za Warusi. Na kituo kinashuka kidogo kidogo kila siku kwa sababu hata kule juu hewa haijaisha kabisa. Anayekisukuma juu tena, miaka yote, kwa kiasi kikubwa ni Mrusi.

SHOMARI: Ndiyo maana yule bosi wao wa zamani alitisha watu.

ZUHURA: Dmitry Rogozin, aliyekuwa mkuu wa Roscosmos, shirika la anga la Urusi. Vita vimeanza tu, Februari 2022, akaandika mtandaoni kuuliza, mkitufungia ushirikiano, nani atakizuia kituo kisiwaangukie Marekani au Ulaya? Watu wakashtuka. Na wakati huo juu kuna Mmarekani, Mark Vande Hei, tiketi yake ya kurudi ni Soyuz.

SHOMARI: Nakumbuka magazeti yalivyoandika, kana kwamba ataachwa.

ZUHURA: Tarehe 30 Machi akatua Kazakhstan na Warusi wawili, salama, siku zake 355. Julai Rogozin akaondolewa, na siku hiyo hiyo NASA ikatangaza mkataba wa kubadilishana viti: Mrusi mmoja kwenye chombo chetu, Mmarekani mmoja kwenye chombo chenu, hakuna pesa inayotembea.

SHOMARI: Zamani pesa ilitembea sana lakini.

ZUHURA: We! Tangu shato, vyombo vya zamani vya Marekani vya kubeba watu, zistaafu Julai 2011 mpaka Dragon ianze kubeba watu 2020, hakukuwa na njia nyingine ya kwenda pale ila Soyuz. NASA ilinunua viti kwa Warusi, na cha mwisho kilipita dola milioni 90. Kimoja.

SHOMARI: Kwa hiyo hoja yako ni kwamba ni ndoa ya lazima.

ZUHURA: Ndoa ya mali ya pamoja, kila mmoja ameshika hati ya nusu ya nyumba. Na usidhani hawajajaribu kujitegemea. Juni 2022 Wamarekani walijaribu kukisukuma kituo kwa Cygnus, chombo chao cha mizigo, na kikafanya.

SHOMARI: Sawa, na mimi nina kisa changu. Gennady Padalka, Mrusi, mmoja wa watu waliokaa siku nyingi zaidi angani. Mwaka 2009, kabla ya kuondoka, aliliambia gazeti moja la Moscow kwamba wakubwa wa chini wamekataza wanaanga kutumia vyoo vya upande wa pili.

ZUHURA: Vyoo?

SHOMARI: Vyoo, dada. Na mashine za mazoezi. Tangu 2003 nchi zilikuwa zinatozana gharama kwa vitu wanavyotumia watu wao, hesabu zikaingia mpaka chooni. Mrusi aende chake, Mmarekani chake, na chakula vivyo hivyo. Padalka akalalamika kwamba hilo linaharibu moyo wa timu, na kwamba wao walio juu wako mbali na ugomvi huo. Sasa niambie, mashine yako ya kutegemeana ilikuwa wapi hapo?

ZUHURA: Hmm. Hapo umenibana kidogo.

SHOMARI: Kidogo tu?

ZUHURA: Kidogo. Maana umeona mwenyewe, waliokataza wako ofisini. Walio juu hawakuwa na shida.

SHOMARI: Ndiyo uungwana wenyewe! Mtu wa ofisini hajalala chumba kimoja na mwenzake miezi sita. Wale wanajifunza lugha mbili, Kirusi na Kiingereza, kabla hata ya kupanda. Wanakula pamoja siku za mapumziko, huyu kaleta kopo lake la samaki, huyu chake. Hata saa waligawana: si ya Houston, si ya Moscow, wanafuata Greenwich. Wakiamka saa kumi na mbili asubuhi, sisi Dar ni saa tatu, tuko kwenye foleni.

ZUHURA: Basi nakupa la uungwana, nusu. Lakini usisahau waliokaa nje ya mlango. China haimo. Sheria ya Marekani tangu 2011 inaizuia NASA kushirikiana nao moja kwa moja bila ruhusa maalumu, wakajenga kituo chao peke yao.

SHOMARI: Na Afrika?

ZUHURA: Tumepitia dirishani. Wajapani wana maabara yao pale, Kibo, sisemi kile cha Kilimanjaro, yenye kijimlango cha kutupia setilaiti ndogo nje. Mei 2018 ikatoka setilaiti ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kiboksi cha sentimita 10 kila upande. Desemba 2, 2022 ikatoka ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, waliyoijenga wahandisi watatu wa Uganda huko Japani. Wiki mbili kabla ya ile Soyuz kuvuja! Rubio na Wakata wako mle mle.

SHOMARI: Mimi hilo nalipongeza, ila si ushirikiano bado. Ni kupewa lifti.

ZUHURA: Wewe nawe! Vijana watatu wanajua kujenga setilaiti, hilo si dogo.

SHOMARI: Si dogo. Nasema tu nani ana ufunguo. Emirati walifika mezani kwa sababu walikuwa na fedha. Sultan AlNeyadi alikaa nusu mwaka 2023, alikwenda na Wamarekani wawili na Mrusi mmoja, akawa Mwarabu wa kwanza kutoka nje ya kituo na suti. Ramadhani ilimkuta huko, na aliulizwa sana kuhusu funga.

ZUHURA: Akasema yeye ni msafiri. Wasikilizaji wetu wa Muscat na Dubai watakuwa wameshaijadili hiyo barazani.

SHOMARI: Mwisho wake lini, kituo hiki?

ZUHURA: Mpango ni 2030. Urusi imeahidi kuendelea mpaka 2028 angalau. Kisha kitashushwa kwa makusudi, mabaki yaangukie bahari ya Pasifiki, mbali na watu. Awali ilifikiriwa vyombo vya mizigo vya Urusi ndivyo vifanye kazi hiyo. Juni 2024 NASA ikaipa SpaceX, kampuni ya Marekani yenye ile Dragon, kazi ya kutengeneza chombo maalumu cha kukisukuma chini.

SHOMARI: Kwa hiyo hata kubomoa nyumba wameshagawana mapema?

ZUHURA: Mmoja kanunua nyundo yake, ndiyo niseme. Tani 400 na zaidi zile, hakuna anayetaka kumwachia jirani.

SHOMARI: Haya. Tuleteeni maswali yenu, hasa wale wa Nairobi na Kampala waliogusa hizo setilaiti kwa mikono yao, tuna nafasi ya mgeni wiki ijayo. Zuhura, funga daftari.

ZUHURA: Bado kurasa tatu.

SHOMARI: Funga.