Msimbo Umepita Majaribio, Umeme Je?

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Niko na Baraka, na huo mvumo unaousikia si pangaboi la studio. Ni laptopu yake.

BARAKA: Dada, usinicheke. Feni hiyo ndiyo iliyonipa mada. Humu ndani nimeweka modeli ndogo ya lugha, akili bandia ya kuandika, haihitaji hata intaneti. Juzi nikaiambia: nina orodha mbili za namba za risiti, laki moja kila moja, niandikie kodi ya kutafuta zilizomo kote kuwili.

ZUHURA: Kodi ya kompyuta, yaani msimbo, jamani, si ile ya TRA. Ikaandika?

BARAKA: Mara moja. Nikajaribu na risiti kumi, majibu sahihi. Nikaweka zile laki, nikaenda kuchemsha chai. Narudi na kikombe, bado inahangaika.

ZUHURA: Hebu nione. Aaah! Kwa kila risiti inaanza kupekua orodha ya pili upya, kuanzia ya kwanza.

BARAKA: Laki mara laki. Zisipofanana kabisa, ni ulinganisho bilioni kumi. Nikaigeuza orodha ya pili kuwa seti. Seti ya Python, lugha ya programu iliyoitumia, haipekui, inakwenda moja kwa moja pale namba inapopaswa kukaa. Ikamaliza kabla sijakaa vizuri kitini.

ZUHURA: Kwa hiyo kosa ni udogo wa modeli?

BARAKA: Hata kubwa hunasa hapo. Tazama zinavyopimwa. OpenAI walitoa mtihani wa HumanEval mwaka 2021, maswali 164 ya kuandika programu. Modeli inaandika, msimbo unaendeshwa, unapita au unafeli. Mwaka 2023 modeli ya phi-1 ya Microsoft, vigezo bilioni 1.3 tu, yaani namba za ndani inazojifunza, ikapata zaidi ya nusu. Kwa umbo lile, ni maajabu. Ila alama hiyo haikuambii jouli ngapi, yaani nishati kiasi gani, zimeteketea.

ZUHURA: Jouli tuziweke kwa lugha ya LUKU. Uniti moja ni jouli milioni 3.6. Sasa hako kaprogramu kako kataimaliza lini?

BARAKA: Kakiendeshwa mara moja, hakafiki popote. Kaweke kwenye seva kaendeshwe kila dakika. Kwa mwaka ni mara 525,600.

ZUHURA: Hapo nimekuelewa. Maana watu wanasifia modeli ndogo kwa bili ya kuandika tu. Kweli, modeli ya vigezo bilioni 7 ukiibana hadi biti 4 kwa kila kigezo ni kama gigabaiti 3.5, laptopu ya kawaida inabeba. Lakini kuandika ni mara moja. Kuendesha hakuishi.

BARAKA: Basi tuiambie iandike kwa Rust au C, lugha za programu zenye kasi, tumalize ubishi. Watafiti wa Ureno walilinganisha lugha 27 mwaka 2017, Python ikala nishati karibu mara 76 ya C.

ZUHURA: Mh. Namba hiyo watu wanaibeba kama ngao. Yalikuwa mazoezi mafupi ya hesabu nzito. Ukitumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kazi ngumu inafanyika kwenye C chini kwa chini. Halafu mimi modeli ndogo nikiiomba Rust, inakosea, narudia, inakosea tena. Marudio yote hayo ni umeme.

BARAKA: Hapo umenishika. Mimi nilijaribu njia ya maneno matamu: "andika msimbo unaobana umeme." Unajua ilifanya nini? Lupu zilezile mbili, ule upekuzi wa kurudia-rudia, juu yake ikaongeza maelezo kwamba msimbo huu ni wenye ufanisi.

ZUHURA: (anacheka) Imejipa cheti yenyewe!

BARAKA: Nilipoiambia kwa jina, "tumia seti", ikatii. Yaani lazima ujue kinachotakiwa kabla hujakiomba.

ZUHURA: Na usipime kwa saa peke yake. Nishati ni nguvu mara muda. Tuseme kori moja, kiini kimoja cha prosesa, inavuta wati 15 kwa sekunde 6, hizo ni jouli 90. Ukigawa kazi kwa kori nne zikavuta wati 40 kwa sekunde 3, umewahi kumaliza, lakini umetumia 120.

BARAKA: Prosesa za Intel tangu zile za mwaka 2011 zina kihesabio cha nishati ndani, kinaitwa RAPL. Kwenye Linux unakisoma kwa amri ya perf. Unapima kabla, unapima baada. Ila funga kivinjari kwanza, la sivyo utaulaumu msimbo kwa video uliyoiacha wazi.

ZUHURA: Basi endesha ile ya kwanza hapa hapa, ile ya bilioni kumi, wasikilizaji wasikie namba.

BARAKA: Hapa? Dada, chaji imebaki asilimia 9.

ZUHURA: Chomeka basi.

BARAKA: Soketi ina maikrofoni yako.