Jifunzie Duluti Kabla Hujaenda Maziwe

Mhadhara uliotolewa Arusha kwa wazazi, walimu na waongoza watalii, jioni ya kuamkia mazoezi ya Ziwa Duluti

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja, na hasa nawashukuru mlioleta watoto wakubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayosema inawahusu wao.

Siku hizi familia ya Arusha au Moshi ikipata mapumziko ya siku nne, inapakia gari, inapita Same, Korogwe na Segera mpaka Muheza, na jioni iko Pangani. Kesho yake inaambiwa kuna boti ya kwenda Maziwe, fungu la mchanga baharini. Inapanda. Hakuna aliyeuliza nahodha ni nani, maji yanaanza kujaa saa ngapi, wala jaketi okozi zipo wapi. Lakini familia hiyohiyo ikitaka kupanda Mlima Meru itauliza viatu, itauliza makoti, itauliza mwongozaji amepanda mara ngapi, na baba ataanza kukimbia asubuhi mwezi mzima kabla. Mlima tumeuzoea, ndiyo maana tunauheshimu. Bahari nayo inastahili heshima hiyohiyo.

Mimi nimekulia Pangani na sasa ni mkazi wa hapa. Ninachotaka kuwaambia ni kimoja: usalama wa majini unakaa mikononi. Ukisoma kitabu cha kufunga fundo, siku upepo umevuma na mtoto analia hutalikumbuka fundo hilo. Litakumbukwa na vidole vilivyolifunga mara nyingi mahali palipotulia. Na mahali palipotulia tunapo. Duluti iko hapo Tengeru, mwendo mfupi kutoka mjini, na imezungukwa na msitu unaokata upepo. Huwezi kupata darasa zuri kuliko lile.

Nianze na maji yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo sisi wa bara tunapokosea zaidi. Ziwa ukiliacha asubuhi unalikuta jioni palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kadhaa, na kila siku ratiba inasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti inakuwa ndogo.

Maziwe zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti ilikwisha, mchanga ukabaki, na leo maji yakijaa wakati wa bamvua bahari inaufunika. Kwa hiyo safari ya Maziwe ni safari ya kuangalia saa. Mnashuka maji yakipwa, mnatazama samaki kwenye matumbawe, mnakula, mnaondoka. Manahodha wa Pangani na Ushongo wanalijua hili vizuri. Lakini nataka mama aliyekaa na mwanawe pale mchangani naye alijue, kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja.

Mabaharia hugawa kujaa kwa sehemu 12. Saa ya kwanza inapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukueni siku ambayo tofauti ni mita 3.6. Kila sehemu ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, mtu anasema bado tuna muda. Saa ya pili zinaongezeka 60. Saa ya tatu zinaongezeka 90, na saa ya nne 90 nyingine. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anacheza ukingoni, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, ndani ya saa moja pale palipokuwa pa kuchezea pamekuwa pa kumzamisha. Hakuna wimbi lililokuja, hakuna tufani. Saa ya tatu imeingia, basi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ya nanga. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Inashika kwa kulala na kuvutwa ubapa, ikazama mchangani, na ili ivutwe ubapa kamba lazima iwe ndefu. Kanuni ya kawaida ni kamba mara tano ya kina, na upepo ukiwa mkali mara saba. Sasa mtu anatia nanga maji yakiwa yamepwa, kina mita 2, anatoa kamba mita 10, anaridhika. Maji yakijaa mita 3.6, kina kimekuwa 5.6. Kamba yake haifiki hata mara mbili ya kina. Nanga inanyanyuliwa, inaburura, na boti inakwenda zake wakati wenyewe wako ufukweni wanachoma samaki. Alipaswa kutoa mita 28 tangu mwanzo. Piga hesabu ya kina cha maji yakiwa yamejaa, usipige ya kina unachokiona. Kisha elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo, shusha nanga taratibu usiirushe, acha chombo kirudi nyuma chenyewe, na ukishafunga kamba chagua miti miwili nchi kavu iliyosimama mstari mmoja. Miti ikiachana, chombo kinatembea.

Upepo sitausema sana. Kaskazi inavuma takribani Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Mei hadi Septemba na ndiyo kali, na katikati ya misimu hiyo kuna vipindi bahari hutulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ya matembezi inabaki imefungwa, hata kama mmeshalipia. Mlango wa mto una hatari yake ya pekee: maji yanapotoka kwa kasi wakati wa kupwa yakakutana na kusi inayotoka baharini, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana. Subirini maji yageuke. Kawia ufike.

Sasa jaketi. Naomba mmoja asimame anishikie hili. Jaketi za kuokolea hupimwa kwa nguvu ya kuelea. Za kiwango cha 50 ni za mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Zinamsaidia kuelea lakini hazimgeuzi akizimia. Za 100 na 150 zimetengenezwa kumlaza mtu chali, uso juu. Someni lebo ya ndani, kiwango kimeandikwa humo, na uzito wa mvaaji pia. Kwa mtoto, mvalishe, funga mikanda yote ukianza na ule unaopita katikati ya miguu, kisha shika jaketi mabegani umnyanyue. Jaketi likipanda mpaka masikioni, si lake. Atakapotumbukia, jaketi litaelea na yeye atachomoka kwa chini. Na jaketi linavaliwa kabla ya kupanda. Lililofungiwa chini ya kiti na mzigo juu yake halimsaidii mtu.

Uzito ndani ya chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Kila nikilitaja jambo hili moyo unaniuma, kwa sababu nchi kavu ilikuwa inaonekana. Chombo kilichozidishwa watu kinaweza kutembea vizuri safari nzima, kisha kikapinduka pale uzito unapohamia upande mmoja. Boti ndogo ina tabia hiyohiyo kwa kipimo chake. Watu kumi wakisimama pamoja kupiga picha pomboo upande wa kulia, mmeshahamisha zaidi ya nusu tani. Kaeni chini, mizigo katikati na chini, na anayetaka kuhama aombe ruhusa, ahame peke yake akiwa ameinama. Msemaji awe nahodha peke yake. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hili naliona kila mahali penye wajomba wawili ndani ya boti moja.

Nahodha mwenyewe muulizeni maswali bila kuona haya. Chombo kina cheti cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini? Mafuta je? Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ameifunga mkononi au imening'inia? Akiangukia majini haijafungwa, boti itaendelea kuzunguka na propela yake. Nahodha mzuri hufurahi akiulizwa. Anayekasirika, shukeni.

Njiani tunapishana kushoto. Majini vyombo vya injini vinapokutana uso kwa uso kila kimoja kinageukia kulia. Naomba waongoza watalii mlikariri hili kwa mwili, maana dereva wa miaka ishirini mkono wake utataka kwenda kushoto. Vyombo vikikatizana, aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha. Anayetaka kupita chombo cha mbele yake ndiye anayekaa mbali nacho. Na maboya ya bandarini, ukiingia kutoka baharini, mekundu yanakaa kushotoni kwako na ya kijani kulia.

Nije kwenye zoezi la kesho. Tutatumia dumu la lita 20 lenye maji nusu, tuliite mtu. Dumu linatupwa, anayeliona anapaza sauti: mtu majini! Na kazi yake kuanzia hapo ni moja tu, kunyoosha mkono kulielekea na kutoliondolea macho. Hata akiitwa, asigeuke. Kwenye mawimbi ya nusu mita kichwa cha mtu kinapotea haraka sana. Wa pili anarusha kitu kinachoelea. Nahodha anageuza chombo upande alioangukia mtu: akiangukia kulia, chombo kinageuka kulia, ili tezi, yaani nyuma ya chombo, na propela viende mbali naye. Kisha anarudi akiukabili upepo, taratibu, na injini inazimwa kabla hajamfikia. Duluti tutatumia makasia, lakini mpangilio wa watu ni uleule, na tutarudia mpaka muuchoke.

Wengi wanadhani anayezama hupiga kelele. Mara nyingi hapigi. Mdomo unazama na kuibuka, hewa anayopata ni ya kuvuta tu, mikono inasukuma maji pembeni, na huenda asiweze hata kuinyanyua kukupungia. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini, mwangalie usoni. Na ukimwona, usimrukie. Mfa maji hushika chochote, nawe utakuwa hicho chochote. Mnyooshee kasia, mrushie kamba, mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu la lita 20 lina uwezo wa kumweka mtu mzima juu ya maji kwa muda mrefu. Kamba iwe na kitanzi cha fundo lisilokaza, ambalo hata akivutwa nalo halimbani mbavu. Hilo fundo tutalifunga usiku huu kabla hamjaondoka, kwanza mkitazama, halafu mikono ikiwa nyuma ya mgongo.

Chombo kikipinduka, kaeni nacho. Kinaelea, kinaonekana kutoka mbali, na ufukwe uko mbali kuliko unavyodhani. Zoezi hilo tutalifanya siku nyingine kwenye bwawa la kuogelea.

Jambo la kuita msaada. Penye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ni chaneli 16: neno la hatari Mayday mara tatu, jina la chombo, mlipo, kilichotokea, idadi ya watu. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, na namba ni 112. Lakini jueni pia kwamba anayefika kwanza ni aliye karibu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoangukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Siku moja aliye karibu utakuwa wewe.

Kuna swali pale nyuma, karibu mama. Unasema kijana wako hajui kuogelea, aje au asije? Aje, mama. Atavaa jaketi la saizi yake, atakaa katikati, na kazi yake itakuwa ile ya kunyoosha mkono. Ila wiki ijayo umwandikishe kwenye mafunzo ya kuogelea, na wewe pamoja naye, kisha ndiyo mpange ya Pangani. Wengine, tunakutana langoni Duluti saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka. Njooni na nguo za kubadilisha na kofia. Mabuti ya mpira yaacheni nyumbani, yakijaa maji ni mzigo miguuni. Sasa kila mmoja achukue kipande cha kamba hapa mezani.