Faini ya Dakika Tano

Najua wengine mshanisikia nikiisema hii ya Verizon, vumilieni, nitaisema mpaka sheria yetu ya data ibadilike.

Verizon ni kampuni ya simu ya Marekani. Kuanzia mwisho wa 2012 mteja wake akifungua ukurasa usio na alama ya kufuli pale kwenye anwani, zile za http, kampuni ilikuwa inapachika namba ya kumtambua kwenye ombi lake likiwa njiani. UIDH, ndo walivyoiita. Sasa shikeni hapa: namba haiko kwenye simu yako, inabandikwa kwenye mitambo yao. Ni kama umempa mtu barua akupelekee, akifika kona anatoa kalamu anaandika namba yako juu ya bahasha, na kila nyumba atakayopeleka barua yako wanaiona. Futa kuki, yale mafaili madogo tovuti zinaacha kwenye simu yako zikutambue, namba ipo. Fungua dirisha la siri, ipo. Nenda kwenye mipangilio useme mimi sitaki matangazo yenu, matangazo yao yanaacha kukufuata lakini mpaka 2015 namba ilikuwa bado inabandikwa! Halafu kampuni ya matangazo, Turn, ikaitumia hiyo namba kufufua kuki ambazo watu washazifuta. Mtu amefuta kwa kidole chake, maana yake amekataa, wewe unamfufulia?

Machi 2016 FCC, wasimamizi wa mawasiliano kule, wakawapiga faini ya dola milioni 1.35. Wengine hapa naona mnatikisa kichwa, mnaona nyingi. Mwaka 2015 Verizon iliingiza zaidi ya dola bilioni 131, gawanyeni wenyewe kwa saa za mwaka, hiyo faini ni pesa inayoingia kwa dakika kama tano hivi. Miaka zaidi ya mitatu ya kubandika watu namba, dakika tano za mauzo. Hiyo si adhabu, hiyo ni ada ya kufanya biashara.

Kuna mtu ataniambia mbona Google na Facebook nao wanafuatilia. Ndugu yangu, Facebook unaweza kuiacha leo. Huyu anayekuuzia intaneti umemlipa, bando umenunua kwa pesa yako, na kila unachofungua kinapita kwake. Na msiniambie siku hizi kurasa zina kufuli, kufuli linaficha ulichosoma, jina la tovuti mara nyingi bado analiona, na saa anaiona. Saa nane usiku umefungua tovuti ya kliniki ya saratani, anahitaji kusoma nini tena?

Marekani wenyewe Oktoba 2016 waliweka kanuni za kulazimisha ruhusa ya mteja kwanza, Bunge likazifuta 2017 kabla hazijaanza vizuri, tusipoteze muda hapo.

Twende kwetu Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa kabla data yako haijatumika kibiashara, vizuri sana, lakini someni kifungu cha 63: faini ya juu ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, yoyote iliyo ndogo. Ndogo jamani! Ulaya ni yuro milioni 20 au asilimia 4, yoyote iliyo kubwa. Kwa kampuni ya simu ya mabilioni milioni tano ni nini?

Naambiwa muda umeisha. Ombi letu kwa wabunge ni ukurasa mmoja, linataka neno "ndogo" liwe "kubwa", liko kwenye meza pale mlangoni na kalamu ipo, naomba mtu asitoke kabla hajalisoma.