Nyasi za Milia: Kuzilea na Kuzipangia Mahali Bustanini

Waheshimiwa walimu, wenzangu wa vitaluni, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika kazi ya usanifu wa mandhari, nawashukuru kwa kunialika hapa Arusha nizungumzie nyasi za mapambo zenye milia, yaani zile ambazo jani lake moja hubeba kijani pamoja na weupe, manjano au waridi. Wateja wetu wanazipenda, na vitalu vingi vya kando ya barabara sasa vinaziuza. Hata hivyo, mara nyingi mche ulionunuliwa kwa sababu ya milia yake huungua kingo na kudhoofika, au hugeuka kijani kitupu, na mwenye bustani hubaki akimlaumu muuzaji. Hoja yangu leo ni moja: sehemu nyeupe ya jani haipiki chakula. Mtu akilishika hilo ataweza kujiamulia mwenyewe mahali pa kupanda, kiasi cha mbolea, namna ya kugawa mashina, na hata idadi ya mashina ambayo bustani yake inaweza kubeba.

Hapa mezani nimeweka chungu cha nyasi ambazo wataalamu huziita Stenotaphrum secundatum, aina yake ya milia. Ni ndugu wa karibu wa nyasi za Pemba, ambazo wengi wenu mmezipanda kwenye viwanja vya nyumba za Pwani. Naomba mchukue jani moja moja mlitazame kwa karibu. Mtaona kwamba ncha yake ni butu, na kwamba mlia mweupe unaanzia pale jani linapokumbatia shina, ukapanda bila kukatika hadi karibu na ncha. Mlia huo hauendi upande kwa sababu jani la nyasi hukua kutoka chini, kwenye kitako chake, wala si kutoka nchani; ndiyo maana nyasi zikilishwa au zikifyekwa huendelea kurefuka. Seli mpya husukumwa juu zikiwa safu, na seli moja ya mwanzo iliyopoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayoupikia mmea chakula kwa mwanga wa jua, huzaa safu nzima ya seli zisizo na uwezo huo. Zipo nyasi chache ambazo alama zake hukata jani kwa upana, maarufu zaidi ikiwa Miscanthus sinensis 'Zebrinus' yenye asili ya Asia ya Mashariki, lakini hizo zina kanuni yake: mabaka hujitokeza joto linapoongezeka, na majani ya kwanza baada ya majira ya baridi hutoka kijani kitupu.

Katika nyasi hizi za mezani, basi, kuna koo mbili za seli zinazoishi ndani ya mmea mmoja, na ukoo wa kijani ndio unaoulisha ule mweupe. Kutokana na hapo huja mambo matatu ambayo kila mlezi wa nyasi hizi atakutana nayo. Kwanza, chipukizi linaweza kutoka jeupe tupu. Huvutia sana macho, na huishi maadamu limeshikamana na mama yake, lakini ukilitenga na kulipanda peke yake litakufa. Pili, chipukizi linaweza kutoka kijani kitupu, na hilo, kwa kuwa lina chakula cha kutosha, litakua haraka kuliko wenzake hadi liwafunike. Usipoling'oa pamoja na mzizi wake, baada ya misimu michache utakuwa na nyasi za kawaida. Tatu, mbegu hazitegemewi. Hata zikiota, kwa kawaida huleta miche ya kijani, au miche myeupe inayokufa mara tu akiba ya chakula iliyomo katika mbegu inapokwisha.

Maarifa haya kwa sehemu kubwa tumeyapata kutokana na mahindi, ambayo nayo ni nyasi. Mwaka 1943 Marcus Rhoades wa Marekani alionyesha kwamba katika mahindi fulani ya milia, jeni moja, yaani kipande kimoja cha urithi, ndani ya kiini cha seli huharibu viungo vinavyobeba klorofili, na kwamba uharibifu huo ukishatokea hurithiwa kupitia mama, hata jeni yenyewe isipokuwepo tena. Barbara McClintock naye, akichunguza mabaka ya majani na punje za mahindi, aligundua kwamba zipo sehemu za urithi zinazohama kutoka mahali pamoja hadi pengine katika kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Nawatajia haya kwa sababu kijana anayefanya kazi kitaluni hapaswi kuliona jani la milia kuwa pambo tu; jani hilo hilo limefungua mlango wa elimu ya urithi.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo ambalo naliona zito kuliko mengine yote kwa sisi tulio Afrika Mashariki. Huku kwetu mkulima akiona mchirizi mweupe kwenye jani la nyasi, fikra yake ya kwanza ni ugonjwa, na ana haki. Ugonjwa wa milia ya mahindi husababishwa na kirusi kinachoenezwa na wadudu wadogo warukao wa jamii ya Cicadulina, na kirusi hicho hushambulia pia aina nyingi za nyasi pori na nyasi za malisho. Maelezo ya mwanzo ya ugonjwa huo yalitolewa na mtafiti Claude Fuller huko Natal, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1901, naye aliuona kama mabadiliko ya rangi ya mahindi. Aliyefumbua mengi zaidi ni H. H. Storey, ambaye alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki. Storey alionyesha kwamba si kila mdudu wa aina hiyo anaweza kueneza ugonjwa, kwamba uwezo huo hurithiwa, na kwamba mdudu asiye na uwezo, akitobolewa utumbo kwa sindano nyembamba mno, huweza kuueneza. Ni kazi ya miaka ya 1930 iliyofanyika katika ardhi yetu, nami ningependa ifundishwe katika kila chuo cha kilimo cha bustani nchini.

Kwa hiyo mtu akikuletea nyasi za milia, jifunze kuzitofautisha na zilizougua kabla hujazipandisha bei. Mlia wa asili una kingo safi, huenda mrefu bila kukatika, na hupatikana katika majani ya zamani na ya sasa ya chipukizi lile lile. Mchirizi wa ugonjwa huanza kama vidoa vidogo vilivyopauka, kisha vidoa hivyo huungana kuwa mistari iliyokatikakatika kufuata mishipa ya jani. Tena huonekana tu katika majani yaliyotoka baada ya mmea kuambukizwa, huku ya chini yakibaki na kijani chake. Upungufu wa madini nao huleta mistari: palipokosekana chuma, majani machanga huwa ya manjano katikati ya mishipa iliyobaki kijani, na palipokosekana zinki, mahindi hutoa utepe mpana uliopauka pande mbili za mshipa mkuu, karibu na kitako cha jani. Ukiwa na shaka, tenga mche huo mbali na shamba la mahindi na uangalie majani matatu au manne yatakayofuata. Ni heri kuchelewa kuuza kuliko kumpelekea jirani ugonjwa.

Nikija kwenye mahali pa kupanda, ninyi mnajua kwamba vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira manne. Jua linalosemwa humo kuwa kamili ni jua la Ulaya, ambalo halifanani na jua la saa saba mchana Dar es Salaam. Sehemu nyeupe ya jani ni dhaifu mbele ya jua kali na upepo mkavu, na hukauka kuanzia kingoni. Mfano mzuri wa unyeti huo ni Hakonechloa macra 'Aureola' ya Japani, ambayo chama cha wakuza mimea ya kudumu cha Perennial Plant Association kiliichagua kuwa mmea wa mwaka 2009: katika jua kali huungua, na katika kivuli kizito manjano yake hugeuka kuwa kijani hafifu. Kwa nyasi za mezani hapa, nashauri upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri, hasa Pwani. Huku nyanda za juu zinastahimili jua zaidi, mradi udongo usikauke kabisa. Kuzificha chini ya mwembe mzito ni kosa pia, kwa sababu mmea ambao tayari una upungufu wa kijani unanyimwa hata mwanga wa kukitumikisha.

Zipo zinazotaka jua la kutwa, kama vile Pennisetum 'Fireworks', yenye majani ya zambarau na kingo za waridi, ambayo kivulini hupoteza rangi hizo. Na upo mwanzi wa manjano wenye milia ya kijani, Bambusa vulgaris 'Vittata', ambao wengi husahau kwamba nao ni nyasi. Huo milia yake iko kwenye shina, majani yake hubaki na kijani cha kutosha, na kwa hiyo hauna udhaifu niliousema. Shida yake ni ukubwa, nami sishauri uwekwe karibu na ukuta wala shimo la maji taka.

Katika kupanga mandhari, kanuni yangu ni uchache. Jani la milia hung'aa kwa sababu limezungukwa na kijani kizito, na ukiweka aina tatu za milia pamoja, jicho halipati pa kutulia. Pandeni kundi la mashina matano au saba ya aina moja mbele ya ua uliokolea kijani, au kando ya njia ya kuingilia nyumbani na karibu na baraza, kwa sababu giza linapoanza kuingia weupe wa majani hayo huonekana hata baada ya maua kupotea machoni.

Kugawa mashina kufanyike mwanzoni mwa masika, udongo ukishalowa, na wenye maji ya kutosha wanaweza pia kutumia vuli. Fyekeni majani yabaki urefu wa shubiri moja, ng'oeni shina zima, yaani fungu lote la machipukizi, kwa sepeto, kisha kateni vipande kutoka pembeni, ambako machipukizi ni machanga, kila kipande kiwe na machipukizi matatu au zaidi yenye kijani na weupe kwa kadiri. Pandeni kwa kina kile kile, wekeni mboji na matandazo, na msiongeze urea, maana nitrojeni nyingi hulegeza majani yakalala na huyapa nguvu zaidi machipukizi ya kijani. Tete la milia, Arundo donax 'Variegata', lifyekwe hadi chini mara moja kwa mwaka, kwa kuwa majani yake hufifia yanapozeeka na machipukizi mapya ndiyo yenye weupe mkali.

Kuhusu tete hilo nina ombi la mwisho. Ndugu yake wa kijani anaweza kupita mita 6 kwa urefu, na huko Afrika Kusini na California ameteka kingo za mito. Yule wa milia hukua taratibu zaidi, lakini chipukizi lake likirudi kijani hupata nguvu zile zile, na kipande cha shina chenye kifundo huchipua kikiangukia mahali penye unyevu. Msilipande kando ya mto wala mfereji wa umwagiliaji, na mabaki yake msiyatupe korongoni. Yaanikeni juu ya sakafu ya saruji hadi yakauke kabisa, ndipo myaingize kwenye shimo la mboji.