Kabla ya programu, jifunze kutizama watu: mazungumzo na vijana wa websaiti, Mjini Unguja

Assalaam alaykum jamani, khabari za jioni. Mlio mlangoni pale piteni ndani, huku mbele viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kutengeneza websaiti, na vipi mtu anasomea dizaini hapa kwetu, na kazi zenyewe zinapatikana wapi. Yote nitayagusa ila sitoyagawa sawa sawa, mana lililonikaa moyoni ni moja. Tunafundishana kutumia programu kabla hatujafundishana kutizama watu, ndo mana tuna vijana wengi wepesi wa kubonyeza na websaiti chache sana ambazo mtu wa Fuoni au wa Konde anaweza kuingia akamaliza lile alilolifuata bila ya kuomba msaada.

Tuanze na fomu. Kuna fomu moja ya maombi ya pahala pamoja hapa hapa, sitopataja, nilikaa na mama mmoja muuza viungo nikamwangalia anavyoijaza. Simu yake ya tachi ya bei ya chini, kioo kimepasuka pembeni, mwangaza kaupunguza ili chaji imfikishe magharibi. Kisanduku cha kwanza kinataka jina la kwanza, cha pili jina la ukoo. Sasa mama huyu ana majina matatu kama sisi sote, lake, la babake, la babu yake, akasita, kisha akayaandika yote matatu kwenye kisanduku cha kwanza akaendelea, kile cha pili kikageuka chekundu. Akarudi. Ikaja namba ya simu, kiibodi iliyofunguka ni ya herufi, akahangaika kutafuta pa kuibadilisha, akaandika sifuri saba saba saba kama anavyoitaja namba yake siku zote, na nafasi katikati, fomu ikamwambia namba si sahihi, kumbe inataka ianze na 255 na hakuna pahala palipoandikwa hivyo. Halafu poskodi, zile namba za posta za eneo, nayo ni lazima, akaniuliza mwanangu hii ndo kitu gani? Alipofika chini kabisa kiibodi bado iko wazi imekifunika kitufe cha kutuma, yeye anakitafuta hakioni, mwisho akaiweka simu mezani akasema atamngoja mwanawe arudi skuli amjazie.

Pale hakuna hata kosa moja la mama yule. Na kurekebisha kwake si kazi kubwa, ni ya asubuhi moja tu. Weka kisanduku kimoja, jina kamili, basi. Kwenye namba ya simu andika type="tel" ndani ya HTML, ile lugha inayojengea ukurasa, na kiibodi ya namba itafunguka yenyewe, zile nafasi za katikati na hiyo 255 ishughulikie kompyuta, mana ndo kazi yake, kwa nini umtwike mtu? Poskodi itoe kama ofisi haiitumii. Kitufe kijaribu kwenye simu yenyewe, kiibodi ikiwa wazi, si kwenye laptopu yenye kioo kipana. Hayo yote hayataki kipaji, yanataka mtu aliyekaa akatizama kidole gumba cha mwenzake kimesita wapi.

Na fomu ile nzima ilikuwa ya Kiingereza. Hili linaniuma, nisifiche. Kiunguja, hichi tunachozungumza hapa, ndo kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu toka enzi za ile kamati ya lugha ya 1930, wenzetu wa bara na wa Kenya wanasomeshwa lugha iliyotoka huku, halafu mtu wa huku huku akiomba huduma ya kwao anaulizwa kwa Kiingereza. Mteja akikwambia weka Kiingereza kwa ajili ya wageni, sawa, weka, lakini weka na Kiswahili pembeni, na ule ukurasa wa Kiswahili uandike lang="sw" pale juu kabisa, mana kuna watu wasioona wanaosomewa ukurasa na simu, na simu bila ya kuambiwa hii lugha gani inaweza ikasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza na mtu asipate kitu.

Sasa masomo. Nimepita kwenye madarasa kadhaa ya dizaini na kompyuta, walimu wanajitahidi wallahi na vifaa ni vichache, lakini mara nyingi somo linakuwa la programu moja. Bonyeza hapa, chagua hii, seti rangi, hifadhi. Mwanafunzi anatoka anaijua programu, ukimuuliza kwa nini kichwa cha khabari umekiweka katikati hana jibu, alikikuta pale. Na programu hazikai. Waliosomea Flash, ile programu ya michoro inayotembea kwenye websaiti, walikuwa mafundi wa kweli, Adobe wameifunga rasmi tarehe 31 Disemba 2020 na ule ujuzi wa kuibonyeza ukaisha nayo. jQuery, zana ya kuandikia websaiti, ilitoka 2006 watu wote wakawa huko, React, zana nyengine, ikaja 2013 watu wakahamia, na mwakani kutakuwa na jengine. Mie siwaambii msijifunze React, ajira nyingi zinaitaka, jifunzeni. Lakini upande mwengine utizame ukurasa wa kwanza wa websaiti duniani, alioutengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na ukawa hewani 1991, CERN wameurudisha 2013 kwenye anwani yake ya zamani, ufungue leo kwenye simu yako unasomeka vizuri tu, mana ni HTML ya msingi. Anayeijua HTML, na CSS inayoupamba ukurasa, kwa undani hababaiki fremuweki, hizo zana kama React, ikibadilika. Tena hao CERN tarehe 30 Aprili 1993 waliiachia teknolojia hii itumike na kila mtu bila ya malipo, ndo mana kijana wa Wete leo anaandika ukurasa na hamlipi mtu hata shilingi kwa ruhusa ya kuuandika. Mie kila nikilifikiria hilo nnashukuru.

Kuna skuli moja ya dizaini, Bauhaus, ilifunguliwa Weimar kule Ujerumani mwaka 1919 ikafungwa 1933, haikudumu lakini walimwengu mpaka leo wanaifuata. Miaka ile ya Weimar karakana zao zilikuwa na waalimu wa aina mbili pamoja, fundi wa kazi ya mikono na msanii wa umbo, na mwanafunzi hakuingizwa karakanani mpaka apitishwe kwanza kwenye masomo ya kushika vitu vyenyewe, mbao, karatasi, nyuzi, rangi, aone kila kimoja kina tabia gani. Mie nikaliangalia hilo nikasema hichi si kitu kigeni kwetu. Mafundi wetu wa milango ndivyo walivyofundishana, kijana anakaa kwa fundi, anapiga msasa, anatizama, anaulizwa, anakosolewa mbele ya kazi yenyewe.

Na kama mwalimu yupo humu nnamuomba hili, siku ya kwanza ya darasa asifungue kompyuta, atandike kanga mezani. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, lile eneo la katikati, na chini ya mji lipo jina, yani ule msemo wake, ndani ya kisanduku chake, mara nyingi kwa herufi kubwa. Sasa waulizwe wanafunzi, kwa nini jina limekaa pale na si juu? Mana aliyeidizaini alijua kitambaa hichi kitafungwa mwilini, na jina litasomwa na mtu mwengine anayepita, aliyesimama hatua kadhaa, kwenye jua kali. Kwa nini maneno ni machache? Kwa nini rangi mara nyingi mbili au tatu tu, na ya maandishi inapingana kabisa na ya nyuma yake? Wapime pindo lina upana gani ukilinganisha na mji, waichore kwa mkono, waondoe pindo kwenye mchoro wao waone mji unavyopotea. Mwanafunzi akitoka hapo keshajua nafasi, mpangilio, rangi, na keshajua kufikiria kitu kitatumika wapi na nani, na hajagusa maus. Kompyuta ifunguliwe wiki ya pili.

Hiyo rangi ya maandishi nimalizie hapo hapo, mana watu wanaipenda sana ile kijivu hafifu juu ya nyeupe, inapendeza ofisini kwenye kiyoyozi. Toka nayo nje Darajani saa saba mchana uisome. Kuna kiwango cha kimataifa, WCAG, kinachotaka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake, vipimo vipo bure kwenye intaneti, unaweka rangi zako mbili unapewa jibu hapo hapo, huna sababu ya kubahatisha.

Na uzito. Hili ndo napenda mlishike zaidi. Simu ya siku hizi inapiga picha ya MB nne, tano. Mteja wa hoteli anakutumia picha ishirini za pwani, ukizipandisha vile vile zilivyo ni kama MB 80, umemla mtu bando lake na hajaona hata bei ya chumba. Punguza upana, ifike kama pikseli 1200, igeuze WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, picha nyingi zitashuka chini ya KB 200 na kwenye kioo cha simu jicho halitoona tofauti. Za chini ziwekee loading="lazy" zije pale mtu anapozikaribia. Na mjue ukurasa hauji wote kwa mpigo, seva nyingi, yani kompyuta zinazohifadhi websaiti, zinaanza kutuma pakiti kumi, vipande vidogo vya data, ni kama kilobaiti 14, halafu zinangoja simu ijibu nimepata ndo ziongeze. Seva yako ikiwa Ulaya, kila jibu linakwenda na kurudi chini ya bahari, basi kichwa na maneno ya muhimu yakiingia kwenye zile 14 za mwanzo mtu anaanza kusoma wakati vyengine vinakuja.

Mnaikumbuka Mei 2024? Tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikalegea Tanzania nzima na nchi jirani. Siku zile kurasa nyepesi zilifunguka, kwa taabu, lakini zilifunguka, zile zinazoanza na vidio ya ufukwe ukabaki unatizama kiduara kinazunguka. Na wakubwa kidogo humu wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa kutoka bara uliharibika Unguja ikakaa gizani miezi mitatu. Sisi ni watu wa visiwa, tunaishi kwa nyaya zilizolala chini ya maji, kwa hiyo websaiti nyepesi kwetu ni lazima.

Kazi zipo wapi? Zipo. Hoteli za Nungwi na Paje, kampuni za watalii, skuli, zahanati, wauza viwanja. Ila mwambie mteja kweli. Mama anayeuza maandazi na wateja wake wote wako WhatsApp hahitaji websaiti, usimuuzie. Anayeihitaji ni yule anayetafutwa na mtu aliyeko mbali kabla hajapanda ndege. Andikianeni kwenye karatasi, chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza. Na domeini, ile anwani ya websaiti, nakuombeni sana, isajiliwe kwa jina la mteja na paswedi akabidhiwe mkononi. Zipo biashara hapa zimepoteza anwani zao kwa sababu kijana aliyewatengenezea alisajili kwa jina lake akahama na namba yake haipatikani tena, hiyo ni amana ya watu jamani.

Mtaniuliza akili bandia. Toka ChatGPT itoke Novemba 2022 hili swali halikosekani. Mie naitumia, inanipunguzia kuandika. Lakini iombe fomu ya maombi bila ya kuieleza mtu wako ni nani, mara nyingi itakuletea jina la kwanza, jina la ukoo, na poskodi, ile ile iliyomshinda mama wa viungo, mana imejifunzia kwenye fomu za kwengine. Ukimjua mtu wako utaielekeza na itakusaidia. Usipomjua mtakosea pamoja, tena kwa haraka.

Kabla ya maswali tufanye kitu. Kaeni wawili wawili mbadilishane simu, mwenye laptopu aifunge. Mmoja afungue websaiti yoyote ya ofisi au hoteli ya hapa, ajaribu kuomba huduma au kuulizia chumba mpaka mwisho ila asitume, mwengine akae kimya, asimsaidie hata akiulizwa, aandike tu kila pahala kidole kiliposita. Dakika kumi, kisha mbadilishane. Aliye peke yake anyooshe mkono nije nikae naye.