Na Baba Watoto, Ametibiwa?

Hamjambo akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni. Ingieni, viti vipo.

Mimi ni muuguzi katika kliniki moja hapa Eastlands, Nairobi. Karibu kila wiki mama mmoja hunikalia mbele na kuniuliza: "Sista, dawa nilimaliza yote, mbona ugonjwa umerudi?" Wengine wanadhani wameuziwa dawa feki. Wengine wanadhani kuna mkono wa mtu. Nami huuliza jambo moja tu: na baba watoto, ametibiwa? Hapo ndipo anapoinamisha macho.

Kisonono, klamidia, trikomona, kaswende: magonjwa haya yote ya zinaa yanakaa katika miili miwili. Ukimtibu mmoja, yule mwingine anakutunzia ugonjwa mpaka mtakapolala pamoja tena. Ni kuchota maji kwa pakacha.

Akina baba huniambia, "Mimi sina kitu, najisikia mzima." Nawaamini kwamba hamwumwi. Lakini trikomona kwa mwanamume mara nyingi haitoi dalili yoyote, na klamidia inaweza kukaa kimya miezi mingi, kwa mke na kwa mume. Kwa hiyo pia, mama, usiichukue karatasi ya maabara kama ushahidi kwamba mwenzako ametoka nje wiki jana. Haisemi ugonjwa uliingia lini wala umetoka kwa nani.

Jambo linaloniuma zaidi ni kugawana vidonge. Mama amepewa doksisaiklini, dawa ya klamidia, vidonge 14, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 7. Akifika nyumbani anahesabu saba, anampa bwana. Anafanya hivyo kwa mapenzi, au kwa sababu nauli ya watu wawili haipo, nami siwezi kumlaumu. Lakini nusu dozi haimponyi mke wala mume, na vijidudu vinavyobaki ndivyo vile vigumu. Kisonono kilikuwa kikipona kwa penisilini. Baadaye kikaizoea, kikaizoea na siprofloksasini. Sasa tunategemea sana sindano ya seftriaksoni, na hiyo hamwezi kugawana mezani. Baba aje mwenyewe.

Mama mjamzito akipatikana na kaswende kliniki, tunamchoma penisilini ya benzathini ili kumlinda yeye na mtoto. Mumewe asipotibiwa, mama anaweza kuambukizwa upya kabla ya kujifungua. Kaswende tumboni huua mimba.

Sasa kuna hili ambalo mimi mwenyewe nimelibadilisha. Wengi mnayajua yale majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki, yanayozidi baada ya tendo la ndoa. Bakteria wa ukeni wamepoteza mizani. Miaka mingi niliwaambia akina mama kwamba mume hahitaji dawa, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Wakarudi, wakarudi tena, wengine wakaanza kujiosha ndani kwa sabuni na ndimu, jambo linaloharibu zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu tatizo hili. Walichukua jozi 164 za wanandoa na wapenzi, kila mmoja na mwenzake mmoja tu. Wanawake wote walitibiwa. Katika kundi moja wanaume nao walipewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, siku 7. Katika wiki 12, ugonjwa uliwarudia wanawake 35 kwa kila 100 ambao waume walitibiwa. Kwa wale ambao waume hawakutibiwa, 63. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Siku hizi mama akirudi na tatizo hilo, namwomba aje na mwenzake. Fangasi ni habari nyingine. Huko mume asiye na muwasho kwa kawaida hatumpi dawa.

Mkishatibiwa, kaeni siku 7 bila kukutana, wote wawili, na mhesabu tangu yule wa mwisho alipomaliza dawa.

Na wewe unayeogopa kwamba ukisema nyumbani utapigwa, usirudi na siri hiyo peke yako. Tuambie. Tunaweza kumwita mwenzako bila kulitaja jina lako.

Nitabaki kwenye meza ile karibu na dirisha hadi saa kumi na moja. Akina baba, nyinyi nitawaona kwanza.